Mungu Hana Saa Mkononi

Ukitaka kumkasirisha Mchungaji wetu wa Nyakunguru, ulihitaji neno moja tu: "Lini?" Uso wake mpana ulijikunja, akavuta pumzi, akakutazama kama mtu anayetazama mtoto aliyejikojolea kanisani. Kisha akakwambia, taratibu, "Mungu hana saa mkononi."

Yeye alikuwa nayo. Saa kubwa ya rangi ya dhahabu, ya mkanda wa chuma, na aliitazama sana ibada ilipokaribia muda wa chakula.

Nilifika pale nikiwa mwalimu mpya, Mnyaturu wa Singida, na Kikurya changu chote kilikuwa neno "mura," yaani kijana, ambalo nililiokota stendi ya Tarime. Jumapili ya kwanza nilimsalimia mlangoni. "Shikamoo, Mchungaji." "Marahaba, mwanangu. Serikali imekutuma, lakini Mungu alikuwa anakungoja hapa siku nyingi." Nilirudi nyumbani nimefurahi, najiona mtu aliyengojwa. Baadaye niligundua kwamba kila mgeni aliambiwa hivyo hivyo, hata mchuuzi wa mbuzi aliyepita mara moja akatoroka bila kulipa kodi ya chumba.

Kwa Mchungaji hakuna jambo lililokataliwa. Hilo lazima nimpe haki yake. Mambo yote "yaliwekwa mbele za Bwana." Nilipokuwa mgeni nilidhani jambo likiwekwa mbele za Bwana limepata nafasi ya kwanza. Nilichukua muda kuelewa kwamba huko mbele za Bwana ndiko ilikokuwa stoo ya kanisa letu. Choo cha wanawake kiliwekwa huko. Ombi la vijana la kufundishwa gitaa liliwekwa huko. Bati lililovuja juu ya kwaya lilikaa huko masika baada ya masika, hata akina mama wa sauti ya pili wakazoea kuja na ndoo, wakaimba huku wanasogeza miguu.

Kisha Jumapili moja upepo ukainua bati la juu ya mimbari, matone mawili matatu yakadondokea kwenye kola ya Mchungaji. Kabla ya wiki kuisha fundi alikuwa juu ya paa anagonga misumari. Mama mmoja wa kwaya, muuza dagaa, hakuwa mtu wa kumeza maneno. Akamwambia, "Mchungaji, naona Bwana amejibu."

"Amejibu, mama."

"Upande wa kwaya hakusema chochote?"

"Mama," alisema Mchungaji, akiweka mkono begani kwake, "usimpangie Mungu."

Alikuwa na pikipiki aliyoiendesha polepole kiasi kwamba ukikutana naye njiani mlisalimiana, mkapeana habari za wagonjwa, mkaagana, naye bado hajakupita. Vijana wa bodaboda walisema mafuta yake hayaishi, yanazeeka. Lakini mezani alikuwa mtu mwingine. Sijawahi kumwona akingoja ugali upoe. Sala yake ya chakula ilikuwa maneno mawili, "Bariki, amina," na hilo "amina" mara nyingi lilipita pembeni ya tonge.

Na usiguse ng'ombe wake. Ndama wake alipovimba tumbo, alimpigia simu daktari wa mifugo hadi yule kijana akazima simu, ndipo Mchungaji akamtuma mtu kwake, na yule mtu alipochelewa akaenda mwenyewe, na siku hiyo pikipiki ilikimbia. Nilikuwepo waliporudi wote wawili, daktari akiwa nyuma ameshika kofia. Nikamtania, "Mchungaji, huyu ndama hatukuweza kumweka kwanza mbele za Bwana?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwalimu, ng'ombe hana imani."

Kulikuwa na mjane mmoja kijana ambaye alitaka kuwahubiria wachimbaji wadogo kule kwenye maduara, mashimo yale wanayochimba dhahabu kwa mikono. Mume wake alifukiwa na udongo huko huko, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia hajui anachokwenda kukitafuta. Alikwenda kwa Mchungaji kuomba baraka tu. Hakuomba mshahara, hakuomba cheo. Mchungaji akamwambia wito ni kama mhogo, ukiung'oa mapema utakula mizizi. Mjane akangoja. Mwaka uliofuata akaambiwa aendelee kukomaa. Mwisho kanisa moja la jirani, lile la spika kubwa lililokuwa linatukosesha usingizi, lilimpa kipaza sauti siku ile ile aliyoomba. Wachimbaji wakaacha maduara kwenda kumsikiliza, wengine wakiwa bado na tope magotini. Mchungaji alipoulizwa alisema yule dada alikosa subira. Wakati wa Bwana ulipofika kwa mjane yule ulimkuta kwa jirani, na sisi tulibaki na mhogo wetu.

Nikiishia hapo nitakuwa nimemchora nusu. Mchungaji alikuwa hodari wa kukaa na mgonjwa. Shimo lilipobomoka tena na kijana mmoja akatolewa amevunjika mgongo, ndugu walikuja wakalia wakaondoka, Mchungaji akabaki. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda tangu asubuhi hadi jua likapinda, akimfukuza nzi, bila kusema mambo ya subira wala kutazama saa yake ya dhahabu. Kesho yake akarudi. Kijana yule mpaka leo hatembei, lakini ukimsema Mchungaji vibaya mbele yake atakufukuza kwa fimbo anayotambalia.

Mkewe, Mama Mchungaji, ndiye aliyenieleza siku moja tukichambua mchicha kwamba mume wake hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mwinjilisti mwenye moto. Alisimama mbele ya wazee wa mila, peke yake, akawaambia kuwakata wasichana ni dhambi na ni ukatili, na kwamba Mungu hakukosea alipowaumba. Wazee hawakumpiga. Walitoa neno tu. Tangu siku ile hakuna aliyewauzia maziwa, hakuna aliyewasaidia kuvuna, hakuna aliyeitikia salamu yao. Mtoto wao wa kwanza alipokufa kwa homa, walichimba kaburi wao wawili, mume na mke. Na alipokwenda kwa wakuu wake wa kanisa kutafuta bega la kulilia, wakamwambia alikuwa amemtangulia Mungu. Ndiyo maana walichelewa sana kumwekea mikono awe mchungaji. Wenzake aliowafundisha kusoma walipata kola kabla yake.

"Hapo ndipo alipojifunza kungoja," Mama Mchungaji alisema. "Kwanza aliumia. Halafu akazoea. Halafu akapenda."

Nilimsikitikia, nami husikitikia kwa urahisi. Lakini Bhoke hakuwa na deni lolote katika habari hiyo.

Bhoke alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la saba, msichana mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri. Alimaliza mtihani, shule zikafungwa, nikapanda basi kwenda Singida kumwuguza mama yangu. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa saro, majira ya tohara, na ngoma zilikuwa zimeanza vijijini. Yaliyotokea nilielezwa na Mama Mchungaji niliporudi, na alinieleza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye vidole vyake.

Bhoke alikuja kanisani mchana, amevaa sare ya shule ili asitiliwe shaka njiani. Alisema baba yake ameshapokea mahari na siku ya kukatwa imepangwa. Aliomba alale kwenye ukumbi wa kanisa mpaka majira yapite. Ukumbi ulikuwa mtupu. Magodoro ya kongamano la vijana yalikuwa humo, yamepangwa hadi dirishani.

Mchungaji alimsikiliza vizuri sana. Alimpa soda. Kisha akasema jambo hili ni kubwa, lazima lipitie kwenye baraza la wazee wa kanisa, na baraza haliwezi kukaa bila maombi. Akatangaza mfungo wa wiki nzima.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alimwambia. "Usiwakasirishe wazazi. Mungu atafanya njia kwa wakati wake."

"Ni Alhamisi, Mchungaji," Bhoke alisema.

"Nini Alhamisi?"

"Siku yangu."

Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akamwombea, akamsindikiza hadi barabarani. Mama Mchungaji alikuwa ameenda Bomani kununua unga. Alikutana na Bhoke njiani, wakasalimiana, na Bhoke hakusema kitu, kwa sababu alikuwa ameshasema kwa mtu aliyedhani ni wa mwisho.

Alhamisi ikafika kabla mfungo haujaisha. Baraza la wazee wa kanisa lilikutana Jumapili iliyofuata, wakala mkate wa kufungulia, wakaandika kwamba suala limepitwa na wakati.

Mama Mchungaji hakupiga kelele. Alikwenda kumwuguza Bhoke, aliyekuwa amevuja damu karibu afe, na mahari ikarudishwa kwa sababu bwana harusi hakutaka mke mgonjwa. Akamleta nyumbani kwake. Majira yaliyofuata ya saro, mapema kabisa, alichukua ufunguo wa ukumbi kwenye koti la mume wake, akashusha magodoro, akatandika. Wasichana wakaanza kuja, mmoja mmoja, halafu kwa makundi. Mchungaji aliporudi kutoka kumtembelea mgonjwa alikuta ukumbi umejaa na sufuria la uji linachemka nje.

"Baraza halijakaa," alisema.

"Wewe ngoja baraza," alijibu mkewe. "Mimi natangulia. Bwana akija atatukuta wote wawili, kila mtu pale alipo."

Mimi nilikuwa hapo, nakoroga uji. Nilingoja kusikia atajibu nini. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akaomba kikombe cha uji. Mkewe akampa.

Msidhani alibadilika. Miezi michache baadaye walikuja wageni wa kanisa kutoka mjini kuona ukumbi ule uliosifiwa, na Mchungaji akavaa koti lake la sikukuu akawatembeza. Akawaeleza, mbele yangu, bila kupepesa macho: "Tulingoja, ndugu zangu. Wengine walitaka tukurupuke. Tukangoja wakati wa Bwana, na wakati ulipofika, milango ikafunguka yenyewe." Mgeni mmoja aliyaandika maneno hayo. Mama Mchungaji alikuwa nyuma yao amebeba kuni. Bhoke alikuwa dirishani anafuta vyombo, na sahani moja ilimponyoka ikavunjika, ingawa sina uhakika kama ilimponyoka.

Mchungaji alistaafu. Wakahamia Natta, wilaya ya Serengeti, kwao mkewe, kwenye kiwanja alichorithi kwa kaka yake, na huko Mama Mchungaji akajenga nyumba ya wasichana iliyo nyumba kweli, yenye uzio na geti. Aliisimamia na Bhoke, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, amesomea upishi, ameacha kazi ya jikoni kwenye kambi moja ya watalii ili aje kupika pale. Nami kwa bahati nikahamishiwa shule moja ya huko. Mchungaji alipewa kazi ya kufungua na kufunga geti. Nilipomwona mara ya kwanza kwenye kile kiti cha plastiki, ufunguo shingoni, nilicheka mpaka nikajificha nyuma ya ukuta. Alikuwa amezeeka, saa ya dhahabu inapwaya mkononi.

Mwaka jana, majira ya saro yakiwa yamepamba moto, nilikwenda pale mchana kumwona mwanafunzi wangu aliyekimbilia huko siku mbili nyuma. Mama Mchungaji alikuwa mjini Mugumu, amempeleka mtoto mwingine hospitali. Tukiwa tunaongea, mimi na yule msichana, tukasikia gari nje. Wanaume walishuka kwenye pikapu, baba wa msichana na ndugu zake, wana fimbo, na mmoja ana panga. Bhoke akatoka jikoni, akamsukuma msichana chumbani, akafunga, akapiga simu kwa askari wa dawati la jinsia Mugumu. Walisema wanakuja. Kutoka Mugumu hadi pale si karibu.

Getini alikuwepo Mchungaji peke yake.

Nilichungulia. Nilitarajia atafungua awakabidhi mtoto na baraka juu. Alisimama, akawasalimia kwa Kikurya, akawaita tata, yaani baba, na mura kadiri ya umri wao, akaburuta mabenchi akayapanga kwenye kivuli cha ukuta, nje ya geti.

"Karibuni wazee. Kaeni."

"Hatukuja kukaa," alisema baba. "Tunataka mtoto."

"Mtoto yupo. Nani amesema hayupo? Lakini nyinyi ni wakubwa, mtazungumza mmesimama kama watu wa mnadani?"

Wakatazamana. Wakakaa.

"Kwanza tuombe," alisema Mchungaji.

Nimesikia sala nyingi katika maisha yangu. Ile sijawahi kuisikia tena. Aliombea mvua. Aliombea ng'ombe, wa maziwa kwanza, halafu wa kulima. Aliombea amani kati ya koo, akazitaja koo moja baada ya nyingine, na alipoisahau moja yule mwenye panga akamkumbusha, ikabidi aanze upya ili isionekane imedharauliwa. Aliwaombea wafugaji wanaokamatwa hifadhini, na hapo wawili wakaitikia amina kwa moyo. Alipomaliza akauliza kama wamekunywa chai. Hawakunywa. Akaagiza chai. Bhoke akaichelewesha jikoni kwa makusudi.

"Mchungaji, jua linakwenda," alisema baba.

"Jua la Mungu, tata. Sasa, jambo hili ni kubwa. Haliwezi kusemwa na kila mtu. Nani msemaji wenu?"

Hapo akawa amewamaliza. Baba alisema ni yeye. Kaka mkubwa akasema haiwezekani yeye awepo halafu mdogo aseme. Mjomba akasema mahari imepita mkononi kwake. Mchungaji aliwasikiliza wote kwa heshima kubwa, akawarudisha nyuma kila walipokaribia kukubaliana: "Ngoja, mura, mzee alikuwa hajamaliza." Wakati chai inamiminwa walikuwa bado wanabishania msemaji, na gari la polisi likatokea barabarani na vumbi lake.

Askari walizungumza na baba, wakaandika majina, wakamchukua yeye na mjomba. Wengine waliondoka na pikapu wakitukana, na tusi kubwa lilikuwa la Mchungaji. Alirudi kwenye kiti chake cha plastiki, na nilipomkaribia niliona suruali yake imelowa mkojo. Alijua nimeona.

"Nimeogopa, Mwalimu," alisema. "Hata siku ile ya Bhoke niliogopa. Niliwaambia watu ni subira, kumbe ni hofu, nikaivika koti."

Nilimpa kitenge changu ajifunge kiunoni.

Bhoke alitoka kukusanya vikombe. "Shikamoo, Mwalimu, nilikuwa sijakusalimia kwa yale mambo." Nikaitikia. Akapita mbele ya Mchungaji, akaokota kikombe miguuni kwake, akaenda.

"Huwa hanisalimii," alisema Mchungaji. "Tangu tumekuja hapa. Chakula ananipa, nguo ananifulia. Salamu hapana."

"Umewahi kumwomba msamaha?"

Akageuzageuza ufunguo shingoni. "Natafuta nafasi nzuri."

"Yuko jikoni, Mchungaji. Yuko peke yake."

Kisha akainuka, akakaza kitenge, akavuka uwanja kwa mwendo wake ule ule wa pikipiki. Nilimfuata kwa mbali kuchukua mkoba wangu. Bhoke alikuwa amempa mgongo, anakatakata sukuma wiki kwa ajili ya wasichana.

"Bhoke, mama," alisema. "Nina neno nataka kukwambia."

Kisu hakikusimama. "Subiri kwanza, Mchungaji. Watoto hawajala."

"Sawa," alisema. "Nasubiri."

Kulikuwa na kigoda mlangoni, lakini hakukaa. Niliwaaga. Nilipofika barabarani nikageuka, nikaona mgongo wake mlangoni na kitenge changu chenye maua, amesimama.